Siku Wanaume wa Iftin Walipoisaidia Winchi

Hakuna mwandishi katika mkoa huu wa Kaskazini Mashariki anayezijua winchi za Garissa kama mimi. Nimezikagua zote kwa macho yangu mwenyewe, bila kubakisha hata moja.

Ziko mbili. Moja imekufa, mbuzi wanalala chini yake.

Ile iliyo hai iko hapa Iftin, na saa moja kasoro asubuhi tayari inakohoa moshi mweusi juu ya nguo za watu zilizoanikwa. Ni lori la manjano iliyopauka, limebeba mgongoni mkono wa chuma unaoweza kujirefusha mpaka upite paa la duka lolote la mtaa huu. Kabla haijagusa mzigo inateremsha miguu minne ya pembeni na kuikanyaga ardhi, kwa sababu magurudumu peke yake hayaaminiki.

Mbele yake amesimama mwanamke. Jina lake Rukiyo Bulle, umri arobaini na kidogo, mama wa watoto watano. Amevaa glavu za ngozi zinazomzidi vidole, mtandio umefungwa mpaka kidevuni, filimbi iko mdomoni.

Anapitisha waya wa chuma chini ya bomba la saruji, anaunasa kwenye ndoano, anaupiga kofi kidogo kama mtu anayempapasa mnyama wake. Anarudi nyuma. Anainua kidole kimoja na kukizungusha. Bomba linapanda.

"Wewe wa punda! Zunguka kule!" anamfokea mwuza maji anayetaka kupita chini. "Unatafuta kifo na kifo hakijakuita!"

Mwuza maji anazunguka. Asubuhi hii kila mtu anazunguka. Iftin bado haijapona mshtuko wa Jumatatu iliyopita.

"Leo nafanya kazi roho juu," Rukiyo anasema bomba likishatua. "Mchana anakuja tajiri wa kazi. Atasema kama glavu hizi zinabaki kwangu au nazivua."

Kazi yake ina majina mawili, mfunga mizigo na mpiga ishara. Dereva wa winchi yuko juu kwenye kibanda chake, injini inanguruma, hasikii neno la mtu. Anaona mikono tu. Kidole juu kikizunguka, pandisha. Kidole chini kikizunguka, teremsha. Mikono miwili hewani, viganja wazi, simama hapo hapo hata kama nyumba yako inaungua.

"Mimi ni ulimi wake," anasema. "Nikikosea, chuma kinakosea."

Na shutuma iliyo juu yake ni hiyo hasa. Inasemekana Jumatatu ile alionyesha kidole chini wakati watu arobaini wamesimama chini ya tangi la tani tatu na nusu.

Rukiyo hakuzaliwa na winchi. Amezaliwa upande wa Hadado, Wajir, nyumba ya wafugaji wa ngamia. Kwa watu wake nyumba ni mali ya mwanamke. Yeye ndiye anayeijenga, yeye ndiye anayeivunja siku ya kuhama, na yeye ndiye anayeifunga juu ya ngamia: nguzo, mikeka, vibuyu vya maziwa, na juu kabisa mtoto mchanga au kondoo aliyechoka. Mzigo ukielemea upande mmoja mnyama anachubuka mgongo, na mama mwenye mzigo anasemwa mpaka kisima kinachofuata.

Ukame wa mwaka tisini na mbili ulimaliza ngamia. Akaja Garissa na watoto na kamba zake, akaanza kubeba mchanga kwenye ujenzi.

Msimamizi wa kazi, Guyo, Mborana wa Wajir mwenye maneno machache na kofia isiyofuliwa, ndiye aliyempa glavu.

"Sikumchukua kwa huruma," anasema. "Mfungaji wangu alishikwa na malaria akarudi kwao Thika. Mabomba yananing'inia upande kama mlevi. Huyu mama akaweka karai chini, akasema, sogeza waya huku. Nikasogeza, mabomba yakakaa sawa."

Kisha Guyo anajikuna shingo.

"Siku ya pili akasema tena, sogeza. Yakaanguka yote. Lakini alisema kwa sauti ya mtu anayejua. Nikasema, huyu atajifunza."

Akajifunza. Sasa analipwa shilingi mia na ishirini kwa siku, zaidi ya mara mbili ya mchanga, na binti yake mkubwa yuko darasa la nane.

Winchi yenyewe ililetwa wakati wa mvua za El Nino, barabara ya Wajir ilipogeuka uji na malori ya unga wa msaada yakalala ubavu kama ng'ombe wagonjwa. Ilipomaliza kuyavuta, mkandarasi mmoja aitwaye Sugow akaikodi. Alikuwa amepata kazi ya kusimamisha tangi la maji hapa Iftin, juu ya nguzo za chuma zenye kimo cha ghorofa tatu, ili watu wapumzike na maji ya punda.

Dereva alikuja na winchi. Anaitwa Mohamedamin, kijana wa miaka thelathini hivi, miwani ya jua usiku na mchana, na mdomo usioishiwa mafuta. Wakati wa chai anashuka, anachuchumaa, anachora mchangani kwa msumari.

"Ayeyo," ananiita, ndivyo bibi anavyoitwa hapa, "winchi si moja. Hii yetu ni ya barabarani. Inakwenda yenyewe, inafanya kazi, inaondoka. Kuna ya minyororo kama ya tingatinga. Hiyo haikimbii, lakini inatembea na mzigo uko hewani, ndiyo ya madaraja na machimbo ya mawe."

Anachora mstari mrefu wa wima.

"Nairobi kuna ya mnara. Imesimama kama twiga juu ya ghorofa zinazojengwa. Mbele inabeba mzigo, nyuma imefungiwa mawe ya saruji ili isipinduke. Dereva anapanda ngazi asubuhi, hashuki mpaka jioni."

Nikamwuliza dereva huyo akibanwa anafanya nini. Mohamedamin akaendelea na Mombasa.

Huko Kilindini, anasema, ziko zinazotembea juu ya reli, zimetanua miguu juu ya gati, zinachomoa makontena melini kama mtu anayetoa sukari guru koponi. Kwenye viwanda vya chuma iko ya darini, inatembea kutoka ukuta hadi ukuta na kubeba chuma cha moto juu ya vichwa vya watu. Na gereji ya maskini ina magogo matatu yaliyofungwa pamoja kileleni na cheni ya kuvuta kwa mkono. Hiyo nayo ni winchi, maana inatoa injini nzima ya lori.

"Ndogo, kubwa, sheria ni moja," anamaliza, na kufuta mchoro kwa kiatu. "Hakuna mtu chini ya mzigo."

Sasa nisimulie Jumatatu.

Saa nne za asubuhi. Guyo yuko juu ya nguzo na spana zake, anangoja kulipokea tangi. Mohamedamin yuko kibandani. Rukiyo yuko chini, amezungushia waya tangi mara mbili na kulifunga kamba ya pembeni lisizunguke. Anainua kidole. Tangi linaondoka ardhini.

Lilipofika juu kidogo ya vichwa vya watu, winchi ikaanza kulia. Si kunguruma. Kulia. Waliokuwapo wanasema ilikuwa sauti ndefu ya kooni, inakatika, inarudi, na mkono wa chuma unatetemeka.

Kivulini mwa duka walikuwa wameketi wanaume wa mtaa na miraa yao. Mkubwa wao ni mzee Bare, aliyechunga ngamia maisha yake yote mpaka magoti yalipokataa. Nilimkuta hapo hapo, na hakunificha kitu.

"Ngamia akianguka wakati ya kiangazi, hasimami peke yake," anasema mzee Bare. "Mnapitisha mti chini ya tumbo, mnaingia wanaume yote, mnaweka bega, mnasukuma. Yule anaketi anatazama, huyo hata msichana hapewi. Sasa hii chombo nalia mbele yetu! Nalia kabisa! Na Rukiyo anaionyesha kidole. Kidole itainua nini?"

"Kwa hiyo mkafanya nini, mzee?"

"Tukaenda kuisaidia."

Niliacha kuandika. Nikamwuliza tena, nikidhani Kiswahili kimetukosanisha. Hakijatukosanisha. Walitema miraa, wakafunga vikoi vizuri, wakaingia chini ya tangi. Watano, kumi, wapita njia wakaongezeka, mpaka wakafika arobaini. Wakaweka mabega kwenye kitako cha tangi na kuanza kusukuma kwa wimbo, ule wa kuinua mnyama.

"Nilipuliza filimbi mpaka masikio yangu yakauma," Rukiyo anasema, na uso wake unabadilika akisema. "Wakadhani nawapigia mdundo. Wakazidisha!"

Akainua mikono miwili, viganja wazi, kuelekea kibandani. Jua lilikuwa limepiga kioo, hakuona sura ya mtu. Mikono ikabaki hewani. Kibanda hakikumjibu.

Ndipo tangi likashuka shibiri moja.

"Wimbo ukakatika," anasema. "Nikaona vichwa vyote vinainama pamoja. Magoti yanakunjika. Hakuna aliyepiga kelele, ayeyo. Wanaume arobaini wa Kisomali kunyamaza kwa pamoja, hilo sijawahi kuliona tangu nizaliwe. Nikajua kifo kimefika."

Akawaita kwa majina. Hakuna aliyemsikiza. Anayetoa bega anamwachia mwenzake uzito, na haya ilikuwa imewashika palepale walipo.

Basi akapasua koo. "Mas! Mas!" Yaani nyoka.

Wanaume arobaini walitoka chini ya tangi kwa wakati mmoja, kila upande, kama maji yaliyomwagwa. Mmoja aliruka ua wa jirani, akatua ndani ya sufuria. Mzee Bare mwenye magoti mabaya alikuwa wa tatu kufika dukani.

Nyuma yao tangi likaendelea kushuka, likaegemea upande, likatua kwa kishindo kilichotikisa vikombe vya chai. Walipoliinua tena walitoa chini yake kandambili moja ya mpira. Nimeishika mkononi. Ilikuwa nyembamba kama bahasha. Usiku wa siku niliyoishika sikulala vizuri, nikiwaza mguu.

Hakuna aliyeumia, Alhamdulillahi, ukiacha sufuria. Lakini vumbi lilipotulia, Mohamedamin alikuwa dirishani kwake, mkono kwenye leva, anasema, "Ameniambia teremsha! Nimeona kidole chake kinazunguka chini!"

Rukiyo akakana mbele ya wote. "Si kweli," anasema. "Nilimwonyesha simama."

Guyo hakuweza kuamua. Kutoka juu ya nguzo alikuwa anaona vichwa na vumbi tu. Kwa hiyo limebaki neno la dereva mwenye leseni dhidi ya neno la mwanamke wa kamba, na mtaa umeanza kunong'ona. Jirani mmoja amekataa hata kumkopesha moto.

"Kazi nikinyang'anywa nitarudi kwenye mchanga, sawa," anasema. "Lakini kuitwa mtu aliyeteremsha chuma juu ya watu wake? Watoto wangu wataolewa wapi?"

Nikamwuliza, akibaki na glavu, anataka nini maishani. Akafikiri kidogo, akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Nataka kwenda Nairobi nipande ile ya mnara. Nijifunze kuiendesha mwenyewe. Nikae juu kabisa, nione kama na huko iko mijitu itakuja kunisaidia."

Tajiri wa kazi, Sugow, alifika baada ya sala ya alasiri. Ni mtu mpana, mpole wa sauti, na upole huo ndio unaotisha. Aliketi juu ya mfuko wa saruji. Sisi wengine tukasimama. Winchi ilikuwa imezimwa, na tangi lenye kitako kilichobonyea liko pale pale, linatusikiliza.

Mzee Bare aliomba kusema kwanza.

"Mimi nataka kujua kitu moja," alisema. "Nyoka iko wapi? Tumetafuta siku tatu. Rukiyo ametukimbiza mbele ya wake zetu."

"Adeer, nilimwona kwa macho yangu," Rukiyo akamjibu kwa heshima, kama mtu na ami yake. "Alikuwa mweusi, mnene, wa tani tatu na nusu."

Watu wakacheka. Sugow hakucheka.

"Mohamedamin. Sema wewe."

"Bosi, mimi nilikuwa ndani," Mohamedamin akasema. Miwani imemkaa sawasawa puani. "Mkono wangu haukutoka kwenye leva hata sekunde moja. Macho yangu yalikuwa kwa huyu mama tu, kwa sababu ndiyo sheria. Kidole chake kikazunguka chini. Mimi ningefanya nini? Nikateremsha. Wallahi."

"Umeapa?"

"Nimeapa, bosi. Wallahi billahi."

Rukiyo alikuwa amekwisha kuyasema yake kwa siku zote hizo, na viapo alikuwa amekwisha kuapa vyote. Kushoto kwangu Guyo alivua kofia yake. Sugow akashusha pumzi, akanyoosha mkono, kiganja juu.

"Lete glavu, mama. Mimi siwezi kulaza watu chini ya wasiwasi."

Akavua ya kushoto, akamwekea kiganjani. Akaanza ya kulia, kidole kimoja kimoja.

Hapo ndipo Ikran, mke wa Mohamedamin, alipoingia uwanjani na beseni kiunoni. Ni binti mdogo, amefika kutoka Kotile baada ya Idi tu, hajui bado nani anaogopwa mtaani na nani haogopwi.

"Assalamu aleikum. Samahani wazee," akasema. "Rukiyo, abaayo, dada yangu, nimepita kwako nikaambiwa uko huku. Nisaidie. Hii kitu wenzangu wanaitoa na nini? Mke wa mzee Bare ameniambia samli. Nimepaka samli mpaka nguo inanuka kama harusi, haitoki!"

Akatoa kwenye beseni shati la kiume, samawati, jipya, akalikung'uta mbele yetu. Begani, upande wa kulia, palikuwa na doa jeusi pana kama kiganja.

Mtu asiye wa Iftin asingeelewa. Asubuhi ya Jumatatu mafundi walikuwa wamepaka lami kitako cha tangi kisishike kutu, na haikuwahi kukauka. Kwa hiyo wiki nzima kamba za nguo za mtaa huu zimejaa mashati na vikoi vyenye doa jeusi bega moja. Wanawake wanahesabiana wapumbavu kwa kuangalia nguo zilizoanikwa.

Sugow alilitazama lile shati.

"Hii ni ya nani, binti yangu?"

"Ya nani tena?" Ikran akashangaa. "Ya huyu. Na ilikuwa ya Idi, ameivaa mara mbili tu. Jumatatu amerudi nayo hivi, akaniambia nisiianike nje."

Mzee Bare akaanza kutafuta kitu mfukoni mwake kwa bidii sana. Sijui kama alijua siku zote. Aliyeweka bega pamoja nawe, nadhani, humtaji.

"Mohamedamin," Sugow akasema kwa ule upole wake. "Lami ilipanda mpaka kibandani?"

"Ilinirukia, bosi."

"Dirishani?"

"Ndiyo. Dirishani."

"Ikageuka, ikakaa nyuma ya bega?"

Hakuna aliyecheka sasa. Nilimwona Guyo akigeuka polepole kuitazama winchi, kisha tangi, kisha winchi tena.

"Kwa hiyo ilishuka yenyewe," Guyo akasema, sauti ndogo kabisa. "Mafuta ya mkono wa chuma yanavuja. Ukiiacha na mzigo hewani, inashuka yenyewe."

Tani tatu na nusu zilikuwa zimening'inia juu ya watu arobaini, na kibandani hapakuwa na mtu. Rukiyo alikuwa ameinulia mikono kiti kitupu.

Yeye alikuwa wa kwanza kuzinduka. Akaichukua glavu ya kushoto kutoka kiganja cha Sugow bila kuomba ruhusa, akaivaa, akaibana vizuri.

"Abowe, ndugu yangu," akamwambia Mohamedamin, "kidole changu ulikiona ukiwa wapi? Kwapani mwa mzee Bare?"

Mohamedamin akavua miwani. Bila miwani alikuwa kijana mdogo kuliko tulivyodhani. Akamtazama mkewe, akalitazama shati, akatutazama sisi mmoja mmoja.

"Ilikuwa inalia sana," akasema. "Nilisukuma kidogo tu."